Suruali ya Kupandia Ngazi

Ninyi mliozoea cherehani za umeme mnaniambia ufundi umekuwa mgumu siku hizi, kwamba mitumba imejaa sokoni na wateja wanakuja na picha kwenye simu. Poleni sana. Cherehani yangu mimi iliwahi kuwekwa ndani. Sisemi iliibiwa, nasema iliwekwa ndani, kwenye ghala la kahawa la kijiji kule Kisiba, ikafunikwa gunia kama mtuhumiwa anayeficha uso. Kosa lake lilikuwa kushona suruali ya akina mama wa Kimarekani waliokufa zamani.

Nitawaeleza, maana mnapenda kuniuliza habari za ufundi na mimi napenda kuzungumza. Ila mniache nizungumze ninavyojua.

Mimi nimezaliwa hapa Bagamoyo. Si ile ya pwani, ni hii yetu ya Tukuyu, yenye mvua. Babu yangu alitoka Kilwa na biashara ya nguo, akafika huku, akaona baridi, akasema atakaa kidogo mpaka mvua ikatike. Mvua haijakatika hadi leo, ndiyo maana mnaniona. Kazi nilifundishwa na Mjomba Salehe, kaka yake mama, mtu mwembamba aliyekuwa akitia uzi kwenye sindano bila kutazama huku akimsema mtu. Alinifundisha mambo mengi, mengine hayakuhusu nguo. Alisema, mpime mteja wakati anazungumza. Ukimwambia simama nikupime, anavuta tumbo ndani, na suti unayoshona inakuwa ya mtu mwingine ambaye hayupo. Mimi kwa ubishi wangu nilimpima bwana shamba mmoja akiwa amesimama kimya kama yuko kwenye gwaride. Siku ya sherehe za Uhuru vifungo viliruka wakati bendera inapanda. Tangu hapo kila mteja namuuliza habari za watoto wake.

Basi, ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, Azimio la Arusha limeshatangazwa, kila mtu anaitwa Ndugu. Siku moja akaja barazani kwangu Mwalimu Sekela. Alikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya wasichana hapa mjini, msichana wa Kinyakyusa aliyesoma mbali akarudi, mwenye sauti ya chini. Alikuwa na kitabu. Akakifungua mahali palipokuwa na picha, akanionyesha.

"Fundi Shabani, unaweza kushona hii?"

Nikatazama. Mwanamke wa Kizungu, amevaa gauni linaloishia chini ya magoti, na chini ya gauni suruali pana imefungwa kwenye vifundo vya miguu. Nikamwuliza kama huyo mwanamke ni mgonjwa.

Akacheka. Akakaa kwenye benchi, akanieleza. Wanafunzi wake walikuwa wanasoma habari za Marekani ya karne ya kumi na tisa, jinsi watu wa kawaida walivyojikusanya kubadili nchi yao. Wengine walipigania kukomesha utumwa, wengine walipinga ulevi, wengine walitaka wanawake wapige kura. Mara nyingi walikuwa watu hao hao, wakitoka mkutano huu wanaingia ule. Na baadhi ya wanawake wakaona watapigania vipi mambo makubwa hivyo huku wamevaa magauni yanayofagia barabara, na kiunoni wamebanwa hata pumzi haipiti. Wakabuni vazi hili. Wakachekwa mitaani, wakatupiwa maneno, hata mawe. Sasa wasichana wake walitaka kuigiza habari hizo siku ya wazazi.

"Waliitoa wapi?" nikauliza.

"Wenyewe walisema wameiga kwa wanawake wa Kituruki."

Mjomba Salehe, aliyekuwa anapiga pasi nyuma yetu na kujifanya hasikii, akasema, "Waturuki ni Waislamu wenzetu," kisha akaendelea na pasi yake kana kwamba Wamarekani sasa wana deni kwake.

Nikatoa kitambaa cha bei nafuu kuliko vyote dukani, marekani. Ninyi hamkijui vizuri siku hizi. Ni pamba tupu, nyeupe iliyofifia, kigumu kama karatasi mpaka ukifue. Mwalimu Sekela akakishika, akakisugua kwa vidole. Kisha akaniuliza, "Fundi, unajua kwa nini kinaitwa marekani?"

"Kwa sababu ndilo jina lake."

Akaniambia kwamba zamani kitambaa hiki kilikuja na meli kutoka huko huko, na pamba yake ilichumwa na watumwa weusi, wale wale ambao akina mama wa kitabuni walikuwa wanawapigania. Babu yangu alikuwa akiuza kitambaa hicho. Sote watatu tukakitazama kile kitambaa pale mezani.

"Nikushonee kwa kingine?" nikamwuliza.

"Hapana," akasema. "Shona hicho hicho. Wengi wao pia walikuwa wamevaa hicho hicho huku wanakipinga."

Nikashona. Sasa nisikilizeni wenye kujifunza, maana hapa ndipo penye kazi. Nilikata miguu miwili mipana, nikaiunganisha katikati, nikaweka mpira kiunoni. Ilionekana vizuri ikining'inia. Msichana wa kwanza alipoijaribu akapiga hatua moja, mshono wa katikati ukalia praaa, akarudi nyuma ya pazia. Mjomba Salehe akaichukua, akaigeuza ndani nje, akanitazama kama mtu aliyepoteza miaka yake bure.

"Unashona suruali ya kutundika ukutani?" akasema. "Hii ni suruali ya marinda. Weka kipande cha pembe nne pale kati ya miguu, kama kile cha kwapani kwenye kanzu. Kitambaa kiwe na pa kwenda mtu anapoinua mguu. Halafu huku chini usibane kwa mpira, kusanya marinda kwenye ukanda."

Kipande hicho cha pembe nne, wanangu, ndicho kilicholeta balaa lote. Bila hicho mtu angeigiza tu. Kikiwepo, mtu anaweza kupanda.

Siku ya wazazi ikafika. Wasichana wakaigiza vizuri, na wazazi wakacheka mahali pa kulia na kulia mahali pa kucheka, kama kawaida. Mimi nilikaa nyuma nikitazama mishono yangu. Mbele yangu alikaa mama mmoja mnene, mrefu, ambaye hakucheka wala kulia. Msichana aliyeigiza kiongozi alipopanda juu ya meza kuhutubia, kwa hatua moja tu, bila kushika nguo, yule mama akageuka akauliza watu, "Nani ameshona ile?"

Huyo ndiye Mama Tupokigwe wa Kisiba.

Alinifuata nje. Akaniamkia kwa heshima zote, akaniuliza habari za nyumbani, za mama, za mvua, kisha akanieleza shida yake. Kijijini kwao walikuwa na shamba la pamoja la kahawa. Mibuni ilikuwa ya zamani, imeachwa bila kupogolewa, mirefu kama nyumba. Buni nzuri zilikuwa juu. Wanaume walipanda ngazi za mianzi wakachuma juu, wanawake wakabaki chini wakichuma matawi ya kiunoni na kuokota zilizoanguka. Si kwamba hawakuweza kupanda. Walikatazwa na nguo zao, maana mwanamke akipanda ngazi na gauni au kanga, walioko chini hawachumi tena, wanatazama.

"Vumilieni tu, mama," nikasema. "Hata kuokota ni kazi."

"Tata," akaniita kwa Kinyakyusa, yaani baba, "hujanielewa. Kanuni ya kijiji inasema aliyepanda ngazi ni mvunaji. Aliye chini ni msaidizi. Na kamati ya shamba inachaguliwa miongoni mwa wavunaji." Akanisogelea. "Kamati ndiyo inayosema nani alime wapi, lini, na nani apumzike. Msimu uliopita binti ya jirani yangu alipangwa kupalilia wiki aliyojifungua. Tulikwenda kulalamika. Wakatuambia, wasaidizi hawana neno kwenye kamati."

Mimi si mtu wa siasa. Nilimwambia vazi lile ni la mchezo tu. Akaniambia, "Nimemwona mwanangu akipanda meza," na hapo mazungumzo yakaisha.

Kwa kuwa akina mama wale hawakuweza kupanda wote kuja mjini kupimwa, nikapakia cherehani kwenye lori la mizigo nikashuka nayo Kisiba. Nikaiweka barazani kwa Mama Tupokigwe. Mwalimu Sekela alikuja mwisho wa juma kutazama, akafurahi kama mtu anayeona kitabu kimeota miguu. Safari hii nilishona kwa kaki, maana marekani ingechanika kwenye matawi. Nikawapima huku nikiwauliza habari za watoto wao, na majibu yalikuwa marefu, kwa hiyo vipimo vilikuwa sahihi kabisa.

Wakaingia shambani. Asubuhi ya kwanza wanaume walidhani ni mzaha. Mchana wakaona vikapu vya juu vimejaa na si wao walivyojaza. Jioni wakaja vijana wa kampeni ya mavazi.

Lazima niwaeleze hiyo kampeni, maana ninyi mnavaa mpendavyo. Wakati ule ilikuwa ni mwiko kuvaa sketi fupi, suruali za kubana, na kila kilichoitwa uchafu wa kigeni. Kiongozi wa vijana pale kijijini aliitwa Ambokile, kijana mwadilifu kweli kweli, wala simsingizii. Alikuwa na chupa ya soda. Suruali ambayo chupa haipiti mguuni ilihesabika kuwa ya kubana, na mwenyewe alikuwa na matatizo.

"Fundi," akaniambia, "wewe ni mtu mzima. Unashonaje suruali za wanawake?"

"Ni gauni, ndugu yangu. Chini yake ndiyo kuna suruali."

"Basi umekosa mara mbili."

Wakaibeba cherehani. Nilishika upande mmoja, wao wakashika mwingine, tukatembea nayo hivyo mpaka ghalani, watu wakadhani nawasaidia. Walipofunga mlango, mikono yangu ilibaki wazi, sikujua niiweke wapi. Ile ilikuwa cherehani ya Mjomba Salehe, na kabla yake ya babu. Nyumbani nilikuwa na mke na watoto walioitegemea. Nililala kwa Mama Tupokigwe na sikulala.

Mkutano wa kijiji uliitishwa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Gwakisa, mtu mpole aliyechukia kuamua jambo lolote kabla watu hawajachoka. Mjomba Salehe akashuka kutoka mjini na kanzu yake safi kusimama upande wangu. Mwalimu Sekela naye aliitwa, na yeye ndiye aliyekuwa hatarini kuliko sisi sote. Mwalimu wa serikali anayefundisha wasichana habari za Marekani, wakati ule, angeweza kuambiwa maneno makubwa sana.

Ambokile akasimama na vazi mkononi.

"Ndugu Mwenyekiti, kampeni inakataza sketi inayoonyesha magoti. Inakataza pia suruali kwa wanawake. Vazi hili lina vyote viwili."

"Nionyeshe goti," akasema Mama Tupokigwe. "Hata moja."

"Magoti yamefunikwa na suruali."

"Basi sketi haionyeshi magoti."

"Lakini ni suruali!"

"Inaonekana wapi? Imefunikwa na sketi."

Wazee wakaanza kukuna videvu. Mwenyekiti akaomba kipimo cha chupa. Vijana wawili wakashika vazi kiunoni, Ambokile akadondosha chupa ndani. Ikapita kwa raha, kreti zima lingepita. Ila huku chini palikuwa na marinda yangu yaliyokusanywa kwenye ukanda, chupa ikaingia humo ikakaa. Ambokile akatia mkono mpaka begani akiitafuta. Watu walicheka hadi mwenyekiti akalazimika kugonga meza.

"Imepita au haikupita?" akauliza.

"Imepita, Ndugu Mwenyekiti," akasema Ambokile kutoka ndani ya suruali. "Haijatoka tu."

Kicheko kilipokwisha, Ambokile akasema jambo zito. Akasema kubana si hoja, hoja ni kwamba vazi ni la Wamarekani, na Wamarekani ni mabeberu. Mwalimu Sekela akasimama.

"Wanawake hawa walipigana na mabeberu wa kwao," akasema. "Walisimama mbele ya wenye watumwa."

"Mwalimu," akajibu mwenyekiti kwa upole, "Marekani ni Marekani."

Nikaona yamekwisha. Hapo ndipo Mjomba Salehe akainuka, akarekebisha kofia, akachukua lile vazi, akalikung'uta, chupa ikaanguka.

"Mimi sijui habari za Marekani," akasema. "Hii ni suruali ya marinda. Mama yangu aliolewa nayo Kilwa. Dada zangu wote wameivaa. Kama Wamarekani wanayo, waulizwe wao waliitoa wapi."

Hamjawahi kuona mtu aliyefarijika kama Mzee Gwakisa. "Kumbe ni ya kwetu!" akasema. "Ni utamaduni!" Na vazi ambalo asubuhi lilikuwa la mabeberu likawa la mababu kabla ya saa ya kula.

Baadaye njiani nilimwuliza mjomba, "Na huko Kilwa ilitoka wapi?"

"Ililetwa na meli kutoka Arabuni. Lakini mwenyekiti hakuuliza habari za meli."

Mngedhani mkutano uliishia hapo. Wanaume hawakuridhika. Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, kama utamaduni wa Kilwa unaweza kuwa utamaduni wa Kisiba, kama suruali ya harusi yafaa shambani. Mvua ikaanza. Wakahamia chini ya ukingo wa paa la ghala, wakaendelea kubishana huko kwa sauti zaidi. Wanawake wakabaki uwanjani wamejifunika majani ya migomba. Mwenyekiti, aliyekuwa na mwavuli, akauliza kama kuna jambo jingine.

"Moja dogo," akasema Mama Tupokigwe. "Aliyepanda ngazi msimu huu ni mvunaji?"

"Kwa kanuni, ndiyo."

"Na kamati ya shamba muda wake umekwisha?"

Mwenyekiti akafikiri. "Umekwisha, ndiyo."

"Basi tuchague kabla mvua haijazidi."

Akataja majina, mikono ikainuka, yote ya wanawake. Mwenyekiti akageuka kuwaita wanaume mara moja, mara mbili, nao wakamwambia asubiri, wamefika mahali pazuri. Aliposema "imepita", waliokuwa chini ya paa wakapiga makofi, wakidhani ni hoja ya suruali. Ufunguo wa ghala hukaa kwa kamati. Nilipata cherehani yangu kabla nguo hazijanikauka mwilini.

Tulipanda lori kurudi mjini, Mwalimu Sekela ameketi juu ya gunia karibu yangu. Nikamwuliza wale Wamarekani waliishia wapi na suruali zao.

"Walizivua wenyewe," akasema, "baada ya miaka michache. Kila waliposimama kusema habari za kura, watu walitazama miguu. Wakaona bora wavae magauni marefu wasikilizwe."

"Na hapa?"

Akacheka mpaka akafuta machozi. "Hapa watu walitazama miguu, kura ikapita."

Yeye wakubwa wake wa elimu hawakumwacha. Walimsifu kwanza, kwenye kikao, wakasema ameunganisha elimu na kazi. Kisha wakamhamishia mkoa wa mbali, afundishe kilimo. Alikuja barazani kuaga, akanunua kipande cha marekani akasema atashonea mapazia. Nilitaka kumwambia neno la maana, nikamwuliza habari za wazazi wake. Alinijibu kwa kirefu, kisha akaenda. Sikumwona tena. Ninyi mkipata mwalimu wa namna hiyo, msisubiri ahamishwe ndipo mjue.

Msimu uliofuata mimi nikaona njia ya biashara imefunguka. Nikashona suruali za marinda za kaki, furushi zima, za kila kimo, zenye kipande cha pembe nne kilichoshonwa mara mbili. Nikashuka nazo Kisiba siku ya mavuno. Nikaingia shambani, nikatazama juu, na haraka nikatazama chini. Wanawake walikuwa juu ya ngazi zote, wanaimba, wamevaa kanga zao.

"Mama Tupokigwe!" nikaita huku nimekodolea macho viatu vyangu. "Suruali ziko wapi?"

"Za nini tena, tata? Kamati imewapanga wanaume wote bondeni, kupalilia. Huku hakuna wa kututazama." Nikasikia buni zikimiminika kwenye kikapu. "Sisi tulitaka ngazi. Ndaga fijo, asante sana, kwa ile suruali, ilitufikisha."

Nikakaa juu ya furushi langu. Sikujua nicheke au nilie. Kaki ile nilikuwa nimeinunua kwa mkopo. Nikiwa pale, akapanda mtu kutoka bondeni, ametota hadi kiunoni, miguu imechanwachanwa na majani, vipele vya upupu vimemjaa. Alikuwa Ambokile. Alinisalimia vizuri, akatazama furushi, akatazama pembeni.

"Fundi," akasema kwa sauti ndogo, "zile pana, za kufunga huku chini... za wanaume unazo?"

Nikatoa tepu shingoni, nikampima hapo hapo chini ya mibuni, naye amesimama wima kama askari, na wanawake wote wameacha kuchuma, wanatutazama kutoka juu ya ngazi.